Ng'ombe Sitini wa Gakuru

Inspekta Mutindi aliisoma ile karatasi mara ya tatu, akaiweka juu ya kaunta kati ya misumari na mikebe ya rangi, halafu akamkazia macho mwenye duka.

"Ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe, madam," akajibu Gakuru.

"Sitini."

"Sitini kamili. Wazima, wakubwa."

"Gakuru, wewe ni mtu wa mabati. Kitengela yote inakujua kwa mabati. Ng'ombe sitini ulitoa wapi?"

"Kwani mtu wa mabati hawezi kuwa na ng'ombe? Kuna sheria inakataza?"

Sheria! Hilo neno lilimpanda Mutindi kichwani. Hii ilikuwa wiki ya tatu tangu apewe faili hili pale ofisi ya upelelezi Kajiado, na kila aliyemhoji alikuwa amejifunika sheria hadi kidevuni. Walioibiwa ndio waliokuwa hawaijui.

Habari yenyewe ilikuwa fupi na ya kutia uchungu. Inkishu Akiba, Sacco ya wafugaji, ilikuwa imeanguka mwezi wa Aprili na pesa za wanachama elfu moja na mia mbili. Asubuhi moja watu walifika pale Kitengela wakakuta mlango umefungwa kwa mnyororo na mlinzi hajui lolote. Mahakama ikaweka mfilisi, wakili mmoja anayeitwa Purity, akusanye kilichobaki awagawie wenyewe. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu: shamba la ekari arobaini kando ya barabara ya Namanga. Purity hajakaa sawa, Gakuru akatokea na mkataba mkononi. Shamba ni langu, akasema, nililinunua zamani na nikalipa lote, naomba hati. Na huyu Gakuru alikuwa shemeji wa Allan Sironka, mwenyekiti wa hiyo hiyo Sacco.

Sasa, walioandika sheria ya ufilisi hawakuwa wajinga. Walijua watu wa aina hii. Chama kikianguka, mali iliyohamishiwa jamaa za wakubwa ndani ya miaka miwili iliyotangulia inaweza kuvutwa ikarudi. Miaka miwili. Mkataba wa Gakuru uliandikwa tarehe tisa Februari 2024, miaka miwili na miezi miwili kabla ya mlango kufungwa. Alikuwa ameruka kamba kwa miezi miwili tu, na Mutindi angeapa mbele ya mama yake mzazi kwamba tarehe hiyo ilipikwa.

Lakini kuapa si ushahidi. Wakili aliyeupigia mkataba muhuri alikuwa amefariki mwaka jana, na muhuri ulikuwa wake wa kweli. Mutindi alipoteza siku nne akimfuata marehemu huyo hadi kwa mjane wake, akapata chai na machozi. Wino ulipelekwa maabara, wakasema majibu ni baada ya wiki tatu. Zuio la mahakama lililokuwa likilishikilia shamba lilikuwa linaisha kesho saa tatu asubuhi, na Gakuru tayari alikuwa na mnunuzi kutoka Nairobi amekaa mkao wa kula. Likiuzwa, hakuna wa kumrudishia mtu hata ndururu.

"Benki ya Sacco haina shilingi yako hata moja," Mutindi akasema.

"Si nimekuambia nililipa kwa mifugo? Iko kwa mkataba. Sacco ni ya wafugaji, nikawalipa kwa njia ya wafugaji."

"Na hao ng'ombe wako wapi?"

"Walikufa."

Sajini Obura, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anapima koleo, akageuka. Alikuwa amebakiza miezi sita astaafu na aliamini amesikia kila kitu.

"Wote?" akauliza Obura.

"Ugonjwa wa ndigana, mzee wangu. Ilikuwa mbaya sana. Lakini hiyo waulize Sacco. Mimi nilileta, Allan akapokea. Mkono wangu uliishia hapo."

"Ng'ombe sitini wamekufa na hakuna barua ya daktari wa mifugo," Mutindi akasema. "Hakuna ngozi hata moja iliyouzwa. Hata jirani hakusikia harufu. Gakuru, unaniona mjinga?"

"Nakuona ofisa wa serikali, madam." Akafungua droo, akatoa karatasi nyingine, akaisukuma kwa kidole kimoja. "Hii hapa picha. Siku ya makabidhiano."

Ilikuwa fotokopi, nyeusi kweli. Mbele, Gakuru na Allan wakipeana mkono, Allan kwa suti na viatu vya kuchongoka. Nyuma yao ng'ombe, kundi zima, wamejaa hadi ukingoni mwa karatasi.

"Yenyewe iko wapi?"

"Ile ya rangi iko kwa wakili wangu. Mtaiona kesho mahakamani, msijali."

Ndani ya gari Mutindi aliubamiza mlango hadi kioo kikashuka chenyewe.

"Anatucheka, Obura! Anatucheka usoni!"

"Ametuona wanyonge, madam," Obura akasema, akiwasha gari. "Na bado hatuna kitu."

* * *

Walipofika Kajiado, Naserian alikuwa pale kwenye benchi nje ya ofisi, kama ilivyokuwa kila Alhamisi. Mama wa miaka hamsini na kitu, mkavu, shuka begani na simu ya kubonyeza imefungwa kwa uzi shingoni. Alikuwa mweka hazina wa wamama kumi na nne wa Oltepesi, kule barabara ya Magadi. Wamama hao walikuwa wameweka akiba miaka sita ili wachimbe kisima. Shanga, maziwa, mbuzi mmoja mmoja, hadi zikafika laki sita na elfu themanini, zote ndani ya Inkishu Akiba. Mwenye mtambo wa kuchimba alikuwa ameshakuja akapima na kuweka jiwe mahali maji yalipo. Jiwe bado lipo, na wamama bado wanatembea kilomita tisa na punda.

"Takwenya, yeyo," Mutindi akamsalimu mama huyo kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia. "Pesa yetu imepatikana?"

"Bado."

"Wiki jana ulisema bado. Wiki ingine ulisema bado. Hiyo bado yenu haizeeki?"

Mutindi hakuwa na nguvu ya kubishana. Alimkaribisha ndani, akatupa faili juu ya meza, akaenda kutafuta chai. Aliporudi na vikombe viwili alimkuta Naserian ameinamia ile fotokopi, pua karibu iguse karatasi.

"Hao ndio waliokula pesa yenu," Mutindi akasema. "Huyu wa suti ni mwenyekiti."

"Huyo namjua. Siangalii huyo." Kidole cha Naserian kilikuwa kimeshuka pembeni, kwa ng'ombe wa mistari mwenye pembe moja iliyokwenda chini. "Nani amewapa Sambu yangu?"

"Nani?"

"Sambu. Ng'ombe yangu. Hii hapa."

Mutindi akaweka vikombe chini polepole. "Yeyo, ng'ombe wa mistari ni wengi."

Naserian alimtazama kwa dharau ya wazi. "Wewe uko na watoto?"

"Wawili."

"Ukiwaona kwa picha ya shule, na wote wamevaa sare, unapotea?"

Mutindi akavuta kiti. "Nieleze. Alizaliwa lini?"

"Ile kiangazi kubwa ilimaliza ng'ombe yetu yote, ikabaki mama yake peke yake. Mvua ikanyesha, huyu akazaliwa. Mvua ya kwanza, mwaka wa ishirini na tatu."

"Kwa hivyo Februari ya mwaka uliofuata alikuwa na umri gani?"

"Ndama! Alikuwa bado ananyonya." Naserian akagonga karatasi kwa ukucha. "Hii hapa ni mama mzima. Nilimuuza Juni hii tu, soko ya Kiserian, juu Sacco yenu imefunga na mtoto anataka karo. Alinunua Dahir, mfanyabiashara wa Kitengela. Niko na risiti ya kaunti."

Chai ilipoa bila mtu kuinywa. Juni hii. Miezi miwili baada ya Sacco kufungwa ng'ombe huyu alikuwa hai sokoni, na Gakuru alidai alimkabidhi akiwa mkubwa Februari ya 2024, wakati alikuwa bado ndama.

"Na kuna kitu kingine kwa mwili wake," Naserian akasema. "Hii picha ni nyeusi, haionyeshi, lakini iko..."

"Nyamaza!" Mutindi akainua mkono. Hata Obura, aliyekuwa mlangoni, alishtuka. "Samahani, yeyo. Usiniambie. Hiyo alama mimi sitaki kuijua. Hii ni fotokopi, na ile ya rangi iko kwa wakili wao, hakuna hata mmoja wetu ameiona. Kesho utamwambia jaji hiyo alama kabla hajaangalia picha. Ukiniambia leo, watasema polisi ndio walikufundisha."

"Na kama upande huo hauonekani kwa picha?" Naserian akauliza.

"Basi tumeanguka."

Naserian akafikiri. "Hiyo alama iko na barua. Ya chifu. Iko nyumbani."

"Usiniambie imeandikwa nini. Piga simu iletwe leo."

* * *

Dahir alikuwa na uwanja wa mifugo nyuma ya Kitengela, ua wa mabati na nguzo, ng'ombe wakisubiri malori ya machinjio. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zilizotiwa hina, na alipoona gari la polisi alianza kuhesabu tasbihi yake haraka zaidi.

"Kila kitu yangu iko na risiti," akasema kabla hajaulizwa.

"Hatujakuja kwa risiti, mzee Dahir. Tazama hii picha. Ni uwanja wa nani?"

Akaitazama, akaiweka mbali, akaileta karibu. "Si hapa nyuma? Ile uwanja kando ya mtaro. Hii ni ile siku ya kalenda."

"Kalenda gani?"

"Juni. Alikuja Gakuru, yule wa mabati. Akasema wanatengeneza kalenda ya kampuni, wanataka ng'ombe wengi. Nikamwambia siuzi kwa picha. Akasema hataki kununua, anataka kukodi. Nusu siku. Alinipa elfu kumi mkononi."

Obura alipiga kofi paja lake, akacheka hadi akakohoa. "Wamekodi! Mungu wangu. Watu wanakodi viti, wanakodi tenti, hawa wamekodi ng'ombe!"

Mutindi hakucheka. Damu ilikuwa inamchemka. Mwenyekiti aliyelelewa Tuala kwa lami na umeme, Mmaasai wa kitambulisho, hakuwahi kulisha hata mbuzi. Kwake ng'ombe ni ng'ombe. Mtoto yeyote wa Oltepesi angemwambia kwamba huwezi kumpiga ng'ombe wa watu picha ukategemea mwenyewe asimjue. Allan hakujua hilo, na wala hakujisumbua kuuliza.

"Utasema haya mahakamani?" akamuuliza Dahir.

"Nitasema. Lakini Gakuru atasema mimi ni mwongo. Sikuandika popote."

"Huyu wa mistari ulimnunua kwa nani?"

Dahir akatazama picha, akamtazama Naserian, waliyekuja naye. "Kwa huyu mama. Tulipatana bei saa nzima, alikuwa mgumu."

"Yuko wapi sasa?" Naserian akauliza.

Dahir alishusha sauti. "Walienda machinjio Julai, mama. Wote."

Naserian alijifunga shuka vizuri, akaenda kukaa ndani ya gari.

Saa kumi na moja jioni Purity alipiga simu. Maelezo ya mashahidi yamewasilishwa, na nakala zimepelekwa kwa wakili wa Gakuru, kama sheria inavyotaka.

"Umewapa jina lake?" Mutindi akafoka.

"Ni lazima, Inspekta. Hakuna shahidi wa kuvizia. Jaji angemkataa."

"Purity, unawajua hawa watu?"

"Nawajua. Na sheria pia naijua."

* * *

Asubuhi Mutindi alikuwa nje ya mahakama ya Kajiado saa mbili kasoro. Obura akamjia mbiombio, na Obura si mtu wa kukimbia.

"Madam. Yule mama amefika."

"Vizuri."

"Si vizuri. Ameshuka kwa gari ya Allan. Nimemwona na macho yangu. Ameshika mfuko wa khaki, umejaa."

Mutindi aliangaza macho akamwona Naserian akipanda ngazi, mfuko umebanwa kwapani chini ya shuka, uso hausomeki. Akaanza kwenda. Purity akamshika mkono.

"Usimguse. Ukiongea naye sasa hivi, wakili wao atasema umemtisha shahidi, na tumekwisha."

"Wamemnunua, Purity!"

"Inawezekana. Ingia ndani ukae."

Akakaa. Hajawahi kukaa kwa uchungu namna ile. Dahir alianza, akasema ya kalenda na elfu kumi, na wakili wa Gakuru akamchapa maswali matatu: una risiti ya kukodisha? Una shahidi? Una hata ujumbe wa simu? Hana, hana, hana. Gakuru akamnong'oneza Allan kitu, wakatabasamu.

Halafu Naserian akapanda kizimbani na mfuko wake.

"Mama," jaji akamwambia, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, "umesema kwa maandishi kwamba kuna ng'ombe wako katika picha hii. Picha ya rangi iko hapa kwa bahasha, wakili wa Bwana Gakuru ameileta, na bado sijaifungua. Bado unasema ni ng'ombe wako?"

Naserian alimtazama Allan. Allan akatikisa kichwa kidogo sana, namna mtu anavyomkumbusha mwenzake ahadi.

"Ni yangu," Naserian akasema. "Anaitwa Sambu."

Tabasamu la Gakuru likaisha.

"Utamjuaje?" wakili wa Gakuru akaruka. "Mheshimiwa, ng'ombe wa mistari wamejaa Kajiado yote!"

"Mguu ya nyuma ya kulia," Naserian akaendelea, hamwangalii wakili, "juu ya goti, kwa nje, iko na kovu ya fisi. Fisi alimshika Disemba iliyopita akitoka majini. Jeraha ikapona, nywele ikamea nyeupe. Kubwa hivi." Akaonyesha kiganja. "Nilienda kwa chifu kuandikisha nilipwe fidia. Sijalipwa. Barua ndiyo hii, iko na tarehe na muhuri. Chifu aliandika mguu gani."

Jaji alipokea barua, akaisoma hadi mwisho. Kisha akapasua bahasha. Alitoa picha, akavua miwani, akaivaa tena, akaisogeza dirishani.

"Wakili," jaji akasema, "sogea uone mwenyewe."

Wakili akasogea. Alikaa na ile picha muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kwenye rangi doa lilikuwa wazi kabisa, jeupe, juu ya goti la kulia. Picha ya Februari 2024, na fisi wa Disemba 2025.

"Sina la kuongeza kwa sasa, Mheshimiwa," akasema, na hakurudi kukaa karibu na mteja wake.

"Mimi niko na la kuongeza," Naserian akasema. Akaweka mfuko wa khaki ukingoni mwa kizimba, akaufungua, noti zikaonekana, mabunda yamefungwa kwa raba. "Huyu Allan amekuja saa kumi na mbili pale nililala hapa mjini. Ameniambia hii ni pesa yetu yote, ya wamama kumi na nne, laki sita na themanini, haijapungua. Ameniambia nikifika hapa niseme nimekosea, niseme ni ng'ombe ya mtu mwingine. Nimeichukua. Nimekaa nayo kwa gari yake nikiiangalia. Nilikuwa nataka kuenda nayo, siwezi kudanganya. Halafu akaniambia, mama, usisumbuke, kwani ni nini? Ni ng'ombe tu."

Akaupiga mfuko kwa kiganja.

"Ng'ombe tu! Huyo ndiye alinyonyesha watoto wangu. Nimemuuza juu ya huyu mtu, amechinjwa juu ya huyu mtu, halafu ametumia picha yake kuniibia mara ya pili. Na ananiambia ni ng'ombe tu."

Allan alisimama aanze kuelekea mlangoni. Obura alikuwa ameshafika pale, amejaa mlango mzima, pingu mkononi.

"Kaa, mwenyekiti," Obura akamwambia kwa upole. "Kikao hakijafungwa."

Haikuchukua hata robo saa. Zuio likaongezwa hadi kesi imalizike. Mkataba ukabaki mikononi mwa mahakama. Allan na Gakuru wakakabidhiwa polisi kwa kughushi na kwa kuvuruga shahidi. Mwisho jaji akautazama mfuko wa khaki, na Mutindi akaona hakupenda alichotaka kusema. Pesa zihesabiwe, akaamuru, zipigwe picha kwa ajili ya kesi ya jinai, kisha zikabidhiwe mfilisi, ziingie katika mali ya Sacco.

* * *

Varandani watu walikuwa wanapiga simu, wengine wanakumbatiana. Mzee mmoja wa Kimana aliyeuza vitunguu miaka kumi akaweka kila kitu kwa Inkishu alikuwa amemshika Obura mkono na hataki kuuachilia. Mutindi alimkuta Naserian amesimama na Purity.

"Hebu niambie tena," Naserian alikuwa akisema. "Ile pesa ilikuwa kwa hii mkono."

"Ndiyo, mama."

"Na ni pesa yetu. Hesabu yetu sawasawa."

"Si yenu peke yenu." Purity aliongea polepole, na macho yake yalikuwa mekundu. "Chama kikianguka, hakuna mwanachama anayelipwa mbele ya mwenzake. Wote elfu moja na mia mbili wanapanga laini moja. Tukishauza shamba, tutalipa gharama za kesi, halafu kila mtu atapata sehemu kulingana na alichoweka. Labda nusu. Labda chini ya nusu."

"Lini?"

"Mwaka. Ikienda vizuri."

"Na ningenyamaza leo?"

Purity akaanza kupanga karatasi zake upya.

"Ashe oleng, yeyo," Mutindi akamshukuru. "Bila wewe watu wote hawa wangepoteza kila..."

"Usiniambie ashe." Naserian alimgeukia, na Mutindi akarudi nyuma hatua moja. "Ile siku tunapeleka pesa kwa Sacco, hii sheria yenu ilikuwa wapi? Miaka sita! Hakuna mtu wa sheria alikuja kuangalia kama pesa iko. Sasa imeisha ndiyo mnakuja na jaji, na wakili, na bahasha, na laini. Mnajua kugawa tu, kulinda hamjui."

Mutindi alijua kifungu cha Allan, alijua kifungu cha Gakuru, alijua hata kifungu cha yule mnunuzi wa Nairobi. Cha huyu mama hakukijua.

"Jana usiku nimepigia wale wamama simu," Naserian akasema. "Nimewaambia kesho narudi na habari ya maji. Wamekaa kwa lile jiwe la mwenye kuchimba, wote kumi na tatu, wananingoja. Nitawaambia nini? Kwamba pesa ilikuja yote nikaipeana?"

"Utawaambia ukweli, yeyo."

"Hapana. Mimi yangu nimeshaisema hapo ndani." Akaokota fimbo yake ukutani, akaanza kushuka ngazi kuelekea gari la polisi, akafungua mlango wa mbele mwenyewe. "Wewe ndiye unaijua sheria. Kuja uwaambie wewe."

Mutindi alimvuta Obura kutoka kwa yule mzee wa vitunguu. Kisha akamwambia awapeleke Allan na Gakuru seli bila yeye, akampokonya ufunguo wa gari, akamfuata Naserian.